Kuchagua fishifainda na GPS ya boti ndogo: anza na maji unayovua, skrini baadae

Kila boti mpya ya faiba ikishushwa huku kwetu Tanga swali la mwenye boti ni lile lile, ninunue fishifainda gani, na anachojibiwa ni jina la kampuni na inchi za skrini, basi. Mi naona tunaanza kwa nyuma. Kabla hujauliza kampuni jiulize unavua maji ya pima ngapi, unavua mshipi au nyavu au unarambaza (kukokota kamba nyuma ya boti inayotembea), boti yako inalala wapi maji yakitoka, na umeme utautoa wapi. Ukishajibu hayo manne mashine inajichagua yenyewe, na mara nyingi inakuwa ndogo na ya bei nafuu kuliko ile uliyokuwa unaiota.

Tuelewane kwanza kwamba hivi ni vitu viwili. Fishifainda ni bildi ya umeme, badala ya kushusha risasi na kamba unatuma sauti chini, sauti inapiga samaki au mwamba inarudi, na kwenye maji ya chumvi inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwaiyo mashine inapima ule muda wa kwenda na kurudi inakupa kina. Chatiplota ni GPS yenye ramani ya bahari, inakuonyesha ulipo, ulikotoka na mwamba uko upande gani. Siku hizi nyingi zinakuja zote mbili ndani ya kasha moja, ila kuna za katikati ambazo watu wanazichanganya, mfano Garmin Striker ina fishifainda na ina GPS ya kuweka alama lakini haina ramani, unaona alama zako na mstari wa safari yako kwenye skrini tupu. Ukitaka ramani unapanda kwenye Echomap au mashine nyingine yenye nafasi ya kadi.

Sasa kama hela ni ndogo, mi nakwambia kwa moyo wote, usinunue fishifainda isiyo na GPS hata kama picha yake ni nzuri vipi. Wazee wetu walikuwa wanaupata mwamba kwa alama za nchi kavu, minazi miwili ikae mstari mmoja na upande wa pili mnara utokeze nyuma ya kisiwa, na walikuwa wanaupata kweli. Lakini usiku huoni mnazi, mvua ya masika ikishuka huoni kisiwa, na ukienda mbali nchi kavu inazama kabisa. GPS inakurudisha mita chache tu kutoka pale ulipovuta chewa wiki iliyopita. Samaki wa mwambani wana kwao, picha ya samaki inakufaa dakika ile unapoiona lakini alama ya mwamba unakula nayo miaka.

Na hapo hapo kwenye ramani nikupe tahadhari ambayo ilinigharimu mwenyewe. Mashine yangu ya kwanza nilinunua ya mtumba kwa mtu aliyeitoa nje, kwenye kasha imeandikwa ina ramani maelfu, nikafurahi, nikaenda kuiwasha majini Tanga naona kipande cha bluu hakina hata kina kimoja. Zile ramani zilikuwa za maziwa ya Marekani. Kwaiyo ukiambiwa ina ramani uliza ya wapi, na usikubali jibu la mdomo, mwambie muuzaji awashe asogeze mpaka Tanga, Mafia, Kilwa, Shimoni au Lamu, kokote unakovua, na ukuze uone namba za kina zipo au hamna. Ramani za Navionics na C-MAP zinauzwa kwa kadi za eneo, hakikisha kadi inaingia kwenye mashine yako maana kila kampuni ina zake inazokubali. Na hata ukiwa na kadi halali usiiamini kama macho yako, pwani yetu ina sehemu vipimo vyake ni vya zamani sana na mafungu ya mchanga yanahama, ramani ikutoe kwenye mkondo mkubwa lakini ukiingia katikati ya miamba weka mtu omo, mbele ya boti, aangalie maji. Ndo maana napenda mashine zenye uwezo wa kuchora ramani yako mwenyewe unavyotembea, Garmin wanaiita Quickdraw, Humminbird wanaiita AutoChart Live, unapita juu ya mwamba kwenda na kurudi mwendo wa pole na mistari ya kina inajichora, ukifanya hivyo siku kadhaa unakuwa na ramani ya mwamba wako kuliko yoyote inayouzwa.

Haya, kina. Mkondo wa Unguja ni maji mafupi, sehemu kubwa haifiki mita 60, lakini mkondo wa Pemba ni kilindi kinachoshuka mpaka mita mia nane huko kati. Anayevua changu na tasi kwenye miamba ya mita 15 mpaka 50 mashine ndogo ya masafa ya 200 kHz inamtosha kabisa (masafa hapa ni wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde, sio umbali), masafa ya juu yanatoa picha safi ila hayaendi chini sana. Anayeshusha mshipi kwenye ukingo wa kilindi mita 150 na zaidi anahitaji masafa ya chini, 50 au 80 hivi, sauti yake inazama zaidi ingawa picha inakuwa nzito. Afu soma kina kilichoandikwa kwenye kasha kwa makini, wanaandika cha maji baridi kwanza sababu chumvi inakula sauti. Striker 4 kwa mfano imeandikwa mita 487 maji baridi, ukienda kwenye maji ya chumvi ni 228, na hiyo ni bahari imetulia, boti imesimama, kila kitu kimefungwa sawasawa. Mi napunguza hata hiyo namba nusu ndo nanunua.

Jambo lingine kuhusu masafa ni upana wa mwanga, nauita mwanga kwa sababu unafunguka kama tochi. Sauti yenye pembe ya nyuzi 20 kwenye maji ya mita 30 inaona duara la kama mita 10 na nusu, yenye nyuzi 60 inaona duara la karibu mita 35. Mwembamba unakwambia kilichopo chini yako hasa, mpana unaona eneo kubwa ila samaki anayetokea kwenye skrini anaweza kuwa mita 15 pembeni na mshipi wako haumfikii. Kuna na zile picha za pembeni zinazoonyesha mwamba kama picha ya kamera, ni nzuri sana kwa maji mafupi na kwa kutafuta majahazi yaliyozama, ila zinatumia masafa ya juu mno na kilindini hazikusaidii kitu, usilipie kama huzitumii.

Wati, yaani nguvu ya sauti inayotumwa, nazo zina ujanja. Utaona moja imeandikwa wati 4,000 nyingine 500 ukadhani ya kwanza ina nguvu mara nane, kumbe ni ile ile. Kipimo cha kulinganishia kinaandikwa RMS, kile kingine cha kilele kwa kilele unakigawanya kwa 8. Kwa maji ya miambani 200 mpaka 300 RMS inatosha, kilindini anzia 500 au 600.

Na nikisema kurambaza, anayetafuta jodari na nguru juu juu kwa kamba nyuma ya boti fishifainda haimsaidii sana, ndege na rangi ya maji vinamwambia zaidi, huyo aweke hela kwenye GPS nzuri na ajue tu ukingo wa kilindi uko wapi, maana hao samaki wanapenda kufuata ukingo.

Tuje kwenye transdusa, kile kichwa kinachokaa majini, maana mashine ya bei kubwa iliyofungwa transdusa vibaya inashindwa na ya bei ndogo iliyofungwa vizuri. Mahali pake pa kawaida ni ubao wa nyuma unaoshika mashine ya boti, upande wa kulia, mbali na propela angalau sentimita 38, mahali ambapo maji yanapita bila povu, povu ni adui, sauti haipenyi. Kwa boti ya faiba uso wa transdusa ushuke kama milimita 3 tu chini ya sakafu ya boti, ukishusha zaidi inavuta maji na kurusha. Lakini hapa vitabu vya kampuni haviijui pwani yetu, boti zetu maji yakitoka zinapwelewa, zinalala ubavu kwenye mchanga au watu kumi wanaziburuta, na transdusa iliyo nyuma ndo ya kwanza kuvunjika. Kwaiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga kwenye bomba au ubao unaoning'inia ubavuni, ukifika unashusha, ukiondoka unainua, na hii ndo inayofaa pia kwa dau, mashua na ngalawa za mbao. Kasoro yake ukikimbia huwezi kusoma. Ya pili ni kuigundisha ndani ya boti kwa gundi ya epoksi, sauti inapenya faiba, haiguswi na mchanga wala jarife (wavu mkubwa), ila faiba iwe tupu isiyo na mbao wala sponji katikati, na epoksi isiwe na mapovu ya hewa. Kabla hujagundisha jaribu kwanza, mfuko wa nailoni wenye maji uuweke sakafuni, transdusa juu yake, ukiona kina kinasomeka vizuri mahali hapo gundisha. Utapoteza nguvu kidogo na joto la maji halitasoma sawa, kwa mita 60 sio tatizo. Boti ya mbao njia hii haifanyi kazi kabisa. Na waya wa transdusa usiukate kuufupisha hata siku moja, unaobaki uzungushe uufunge.

Umeme. Mashine ndogo za boti, zile za kuwasha kwa kuvuta kamba, nyingi hazichaji betri, na zenye waya wa kuwashia taa bila rigyuleta (kifaa cha kutuliza umeme) umeme wake unapanda na kushuka unaweza kuua skrini. Ukipiga hesabu, fishifainda ya inchi 4 inakula kama robo ampea, ya inchi 7 inafika ampea moja na zaidi. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, zile za alamu, usiitumie zaidi ya nusu yake kama unataka idumu, yaani unayo 3.5, mashine ndogo inakwenda usiku mzima na ile kubwa inazima kabla ya alfajiri. Wanaovua dagaa kwa taa, tafadhali, betri ya taa na betri ya fishifainda ziwe mbalimbali, taa za LED za bei rahisi zinaingiza kelele kwenye skrini unaona vidoti vidoti ukadhani dagaa. Weka fyuzi ile iliyoandikwa kwenye kitabu, tena karibu na betri, na betri ikae kwenye boksi lenye kifuniko.

Skrini sitakaa sana. Jua la saa sita ndo mtihani wake kwaiyo itoe nje ya duka uiangalie juani, na kama unavaa miwani ya jua ivae maana kuna skrini zinakuwa nyeusi kabisa ukigeuza shingo. Mi nataka vitufe, mkono wenye chumvi na magamba ya samaki hauelewani na skrini ya kugusa. IPX7 maana yake imevumilia maji ya mita moja kwa nusu saa. Na iwe ya kuchomoa haraka, ulale nayo nyumbani.

Siku ya kwanza kabla hujatoka badilisha iwe maji ya chumvi, kina chagua mita au pima ila boti nzima mtumie kimoja, na mfumo wa ramani wa kupimia mahali uwe WGS 84, ramani za zamani za Afrika Mashariki zilitumia Arc 1960 na tofauti yake ni karibu mita 300. Afu namna ya kuandika alama, hapa ndo watu wanapotezana. Dakika 10.500 ni dakika 10 na sekunde 30, ukiambiwa alama kwa simu wewe ukaandika sekunde 50 umeukosa mwamba kwa zaidi ya mita 600 na utamlaumu aliyekupa. Kumbuka pia kina cha ramani ni cha maji kupwa, kina cha mashine ni cha sasa hivi, na maji yetu makubwa ya bamvua yanapanda mpaka mita 4, mwamba uliopita juu yake saa sita usikadirie kurudi nao jioni.

Kusoma picha utajifunza, ila anza na sakafu na samaki baadae. Kulia kwa skrini ndo sasa hivi, kushoto ni yaliyopita. Mstari wa chini ukiwa mnene na ukirudiwa tena chini yake kwenye kina mara mbili, hapo ni mwamba mgumu. Ukiwa mwembamba wenye ukungu ni tope. Samaki anatokea kama upinde boti ikitembea, ukitia nanga upinde unakuwa mstari, wengi wanadhani mashine imeharibika. Zima vile vipicha vya samaki, mashine inabahatisha tu, hata nyasi zinazoelea inazichora samaki.

Tumia GPS pia kuweka mipaka, sehemu za hifadhi ya bahari kama Mafia au Kisite zenye marufuku, na mpaka wa Tanzania na Kenya kwa wanaovua Vanga, Jasini na Moa. Weka alama mstarini kabisa mashine ikulilie kabla hujavuka, usiku mkondo unakusukuma hujui.

Alama zako nakili. Mi nilipoteza karibu miamba 90 siku mashine ilipoingia maji, miaka minne ya kutafuta. Sasa kila Ijumaa siendi baharini, nakaa na daftari naandika namba, kina, aina ya samaki na mwezi, na kama mashine ina kadi natoa nakala na kuiweka kwenye simu.