Kumpendekezea mtu riwaya ambayo mhusika mkuu ndiye muuaji

Riwaya ya upelelezi hujipendekeza yenyewe. Kuna maiti, kuna fumbo, kuna wa kulifumbua. Aliyezoea kufuatana na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake anajua kabla ya kufungua kitabu kwamba mwishoni ukweli utaanikwa. Riwaya inayokaa upande wa muuaji haina ahadi hiyo. Msomaji anaingizwa kichwani mwa mtu mwovu na kuachwa humo kurasa mia mbili, mia tatu, pengine bila haki kutendeka. Kwa hiyo kisa si jambo la kwanza kumweleza. La kwanza ni umbali: atakaa karibu kiasi gani na huyo mtu.

Anza na msomaji mwenyewe. Ukimuuliza kama anapenda vitabu vya kutisha, atasema ndiyo, na hutakuwa umejua lolote. Muulize kitabu cha mwisho alichokiacha njiani, na alikiachia wapi. Aliyeacha kwa kuchoka anahitaji kitu tofauti kabisa na aliyeacha kwa kukosa usingizi. Kisha taja waziwazi mambo manne: ukatili kwa watoto, ukatili kwa wanyama, ubakaji, na mateso yanayoelezwa hatua kwa hatua. Wapo wanaopita maiti kumi bila kupepesa jicho, lakini mbwa mmoja akidhurika wanafunga kitabu moja kwa moja. Usiwacheke, na usiwadai sababu.

Sasa umbali. Karibu zaidi ni pale muuaji anaposimulia mwenyewe. Mfano mkali ni The Killer Inside Me ya Jim Thompson, ya mwaka 1952. Lou Ford ni naibu sherifu katika mji mdogo wa Texas, mpole, mwenye kuwachosha watu makusudi kwa misemo iliyochakaa. Kinachotisha ni utulivu wa sauti yake. Unaanza kumzoea, halafu anampiga mwanamke, na mwandishi hageuzi macho pembeni. Asiyetaka kusoma ukatili kwa wanawake lazima aambiwe hilo kabla hajakishika, hata kama umeipenda lugha yake kiasi gani.

Hatua moja nyuma ni nafsi ya tatu inayomganda mhusika. Katika The Talented Mr. Ripley ya Patricia Highsmith (1955), Tom Ripley hasimulii, lakini hatuoni chochote asichokiona yeye. Ukimwonya msomaji juu ya damu utakuwa umeonya pasipo pake, maana damu ni kidogo. Kinachosumbua ni kwamba polisi wanapobisha hodi, msomaji anajikuta akiomba Tom asikamatwe. Kwa wengine hiyo ndiyo raha yenyewe. Wengine hujichukia, na ndio wa kuwatahadharisha.

Mbali zaidi ni pale msimulizi anapokuwa mshirika tu. My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite (2018) inasimuliwa na Korede, nesi wa Lagos, ambaye kila mara anaitwa kusafisha baada ya mdogo wake kuua mpenzi mwingine. Sura ni fupi, nyingine hazifiki kurasa mbili, na ucheshi wake ni mkavu. Kwa anayeijaribu aina hii mara ya kwanza, ni bora kuanzia hapa kuliko kwa Thompson.

Kabla hujapendekeza, kifungue tena. Kumbukumbu hudanganya: baada ya miaka miwili unakumbuka werevu wa mwandishi na kusahau lile tukio la bafuni. Pitia kurasa kumi za mwanzo, mahali pa ukatili wa kwanza, tukio baya kuliko yote, na ukurasa wa mwisho. Andika namba za kurasa. Hili lina maana zaidi kwa vitabu vinavyochelewa kuonyesha meno. American Psycho ya Bret Easton Ellis (1991) inatumia kurasa nyingi za mwanzo kwa mavazi, migahawa na majivuno, na ukatili unakuja baadaye, ukizidi kadiri unavyosonga. Aliyepima kwa kurasa hamsini za kwanza atafumaniwa. Nchini Australia kitabu hicho kiliwekewa daraja la watu wazima pekee na kuuzwa kikiwa kimefungwa kwa plastiki. Kumwambia mtu hilo kunamtosha kama kipimo, bila wewe kusimulia tukio lolote.

Unapoandika pendekezo, maneno 50 hadi 100 yanatosha. Kinachotangazwa na mwandishi katika sura ya kwanza ni halali kukisema; kilichobaki kiache kitabuni. Malice Aforethought ya Francis Iles (1931) hurahisisha kazi, kwa kuwa mpango wa mauaji unatajwa kwenye sentensi yake ya kwanza. Unaweza kuandika hivi:

"Daktari wa kijijini ameamua kumuua mkewe, nawe unaambiwa hivyo tangu mwanzo. Swali si nani, ni kama ataweza, na kama ataponyoka. Utacheka sana, kisha utakumbuka unacheka pamoja na nani. Damu ni kidogo; majivuno na dharau ni nyingi, na vimewekwa ili vikukere. Ukitaka mhusika wa kumpenda, kipite."

Tazama kwamba sentensi ya mwisho inamfukuza mtu. Iache. Pendekezo lisilomfukuza yeyote halimsaidii yeyote.

Makosa yanayorudiwa zaidi ni madogo. "Mwisho wake hutautegemea" linaonekana neno salama, kumbe umeshamwaga mtama: msomaji atatumia kitabu kizima akiuwinda mwisho badala ya kumsikiliza mhusika. Hata kutaja kwamba ni cha kwanza katika mfululizo wa mhusika yuleyule kunamwambia kwamba muuaji hakunyongwa. Kumwita mhusika "kichaa" nako hakufai. Kunawaonea wagonjwa wa akili, na kunampa msomaji kisingizio cha kukaa mbali, wakati vitabu hivi vimeandikwa kuhusu watu wenye hesabu zao timamu kabisa. Taja anachofanya: anadanganya kwa ustadi, anawasoma watu, hajuti. Na usiahidi kwamba atampenda. Sema hatachoka kumsikiliza, kama kweli hachoshi.

Filamu ni mtego mwingine. Kamera humtazama muuaji kwa nje, na ile minong'ono ya kichwani, ambayo ndiyo kitabu, mara nyingi hupotea. Aliyeipenda filamu hajathibitisha kwamba atavumilia riwaya.

Mwisho, usikitoe kama zawadi ya kushtukiza. Mtu aliyepewa zawadi huona haya kuiacha, atajilazimisha hadi mwisho, na baadaye hatakuuliza tena kitabu. Kiazimishe, mpe zile namba za kurasa za tukio baya zaidi kwenye kikaratasi kilichokunjwa mwishoni mwa kitabu, na mwambie akifunue akitaka.