Kutambua fenoli maabarani bila kudanganywa na rangi

Majaribio ya fenoli, kemikali yenye uasidi hafifu, yakiharibika, mara nyingi ni asidi au alkali iliyozidi. Lakini kwanza, ngozi: fenoli huunguza na kutia ganzi, hivyo mtu hachelewi kuumia bila kuhisi. Vaa miwani ya kinga na glavu nene, na fanyia kazi penye feni ya kufyonza mvuke. Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa, jioshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Maji kidogo huisambaza tu.

Nairobi, fenoli hukaa fuwele mwaka mzima, maana huyeyuka karibu 41°C. Usiichokoe kwa kijiko. Legeza kifuniko, simamisha chupa kwenye maji ya 50°C, kisha chota kwa pipeti yenye balbu. Wekundu hafifu ni kazi ya hewa. Hauharibu majaribio haya.

Anza na uasidi. Weka gramu 1 ya fenoli kwenye mililita 3 za maji: utapata ukungu. Ongeza mililita 3 za sodiamu haidroksaidi ya 4 M (moli 4 kwa lita), na myeyusho utakuwa angavu kwa sababu chumvi ya fenoli huyeyuka. Tia mililita 3.5 za asidi ya haidrokloriki ya 4 M, ukungu urudi. Ukitumia miyeyusho dhaifu sana ukungu hautarudi: maji yatakuwa yameongezeka kiasi cha kuiyeyusha fenoli yote. Sodiamu baikaboneti ikitiwa kwenye fenoli isiyotiwa asidi haitoi povu, na hapo ndipo fenoli hutofautiana na asidi ya salisiliki, ambayo nayo hutoa zambarau katika jaribio lifuatalo.

Feri kloraidi ya chupani ina asidi, nayo hufifisha rangi. Idondoshee alkali hafifu hadi mashapo machache ya kahawia yabaki, chuja, kisha tia matone 3 ya myeyusho huo uliochujwa kwenye mililita 1 ya fenoli ya 1%. Zambarau hutokea papo hapo. Ukiona mashapo ya kahawia, sampuli ina alkali.

Mwisho, chukua fenoli nyingine ya 1%, isiyotiwa feri kloraidi, uidondoshee maji ya bromini ukitikisa. Rangi hupotea, mashapo meupe ya tribromofenoli yakatua. Yakigeuka manjano, bromini imezidi. Anilini, kemikali nyingine, pia hutoa mashapo meupe, kwa hiyo usiamini jaribio hili peke yake.

Mabaki usiyamwage kwenye sinki. Yaweke kwenye chupa yenye lebo, mpe mkusanyaji taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.