Kelele za vyuma injini inapowashwa ikiwa baridi

Iwapo gari lililotembea kilomita nyingi linatoa kelele za vyuma kugongana pale tu linapowashwa, jambo la kwanza la kuchunguza ni muda wa kelele hizo. Zikidumu sekunde 1 hadi 3 baada ya injini kukaa usiku kucha, kisha zikakoma ghafla, mara nyingi oili imechelewa kufika juu, ama kwa sababu vali ya filta inayozuia oili isirudi chini imechoka, ama kwa sababu kikaza cheni ya taimingi (cheni inayooanisha mwendo wa vali za injini na pistoni), ambacho hutegemea presha ya oili, kimeiacha cheni ikilegea na kupiga kifuniko chake. Kelele zinazofifia polepole kadiri injini inavyopata joto huashiria zaidi pistoni zilizolegea ndani ya silinda, tatizo ambalo gari linaweza kudumu nalo kwa muda mrefu.

Anza na kilicho rahisi: pima kiwango cha oili, kisha weka filta bora na oili ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kelele zikiendelea, fundi asikilize upande wa cheni na apime presha ya oili kwa geji, kwani taa ya dashibodi huwaka presha ikiwa tayari imeshuka mno. Cheni iliyorefuka haifai kusubiri. Ikiruka meno, katika injini nyingi vali hugongana na pistoni. Inapobadilishwa, vikaza na reli zinazoiongoza vibadilishwe pamoja nayo.