Skandinavia kwa treni majira ya baridi mkiwa wawili: panga safari kwa kufuata mwanga

Wengi wanaoniuliza kuhusu safari hii huanza na orodha ya miji: Copenhagen, Stockholm, Oslo, Bergen. Majira ya joto orodha hiyo inatosha. Majira ya baridi haitoshi, kwa sababu kilicho adimu huku ni mwanga wa mchana. Tarehe 21 Desemba jua la Oslo huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na ikifika saa tisa na robo alasiri limeshazama. Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, halionekani kabisa tangu kama tarehe 10 Desemba hadi mwaka mpya. Ukikata tiketi bila kulifikiria hilo, utapita kwenye milima ukitazama sura yako mwenyewe kwenye kioo cha dirisha.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja: pasipo na cha kuona mpite usiku, penye milima mpite mchana. Mimi naishi Malmö, kusini mwa Uswidi, na njia ninayoieleza ndiyo niliyopita na rafiki yangu aliyekuja kutoka Tanga: Malmö, Stockholm, kijiji cha Abisko kaskazini kabisa mwa Uswidi, kisha Norwei: Narvik, Bodø, Trondheim, Oslo, Bergen, halafu kurudi.

Hatua ya 1: Chagueni tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi. Theluji bado ipo tele, usiku bado ni mrefu wa kutosha kuona aurora (mianga ya rangi inayotembea angani usiku), na Abisko tayari ina mchana wa masaa tisa hivi. Desemba ina taa na shamrashamra za Krismasi, sikatai, lakini kama mnataka kuona nchi kupitia dirishani, iacheni.

Kuna kikwazo kimoja. Kati ya wiki ya 7 na ya 10 ya mwaka shule za Uswidi hufunga kwa zamu, mkoa baada ya mkoa, na familia nzima hubeba ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kwenda milimani. Norwei nao wana likizo yao wakati huohuo. Vitanda vya treni ya usiku huisha mapema sana, kwa hiyo anzeni na kitanda, hoteli zifuate.

Hatua ya 2: Viza, kisha pasi ya reli

Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote tatu: Denmark, Uswidi na Norwei. Norwei haimo kwenye Umoja wa Ulaya, lakini Schengen imo. Wengi hujichanganya hapa: kwa kuwa ndege inatua Copenhagen, wanapeleka maombi Denmark. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana ndipo huangaliwa mnapoingilia. Hesabuni usiku wenu kwenye karatasi, mmoja mmoja. Kwa njia hii inaweza kuwa Norwei au Uswidi, kutegemea mtakaa Abisko muda gani na mgeni atalala kwako Malmö siku ngapi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na dirisha la kuomba hufunguka miezi sita kabla ya safari.

Pasi ya reli nayo ina majina mawili. Anayetoka nje ya Ulaya hununua Eurail. Anayeishi Ulaya hununua Interrail. Treni ni zilezile, ila mwenye Interrail hubanwa ndani ya nchi anayoishi: anaruhusiwa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi, basi. Kwa mimi mkazi wa Uswidi, Malmö hadi Abisko ilikuwa ndiyo safari ya kutoka, na kipande cha Abisko hadi Narvik nilikilipia tiketi ya kawaida. Mwenzangu alitumia pasi ya siku saba ndani ya mwezi mmoja na ikamtosha kabisa: Malmö hadi Abisko, Abisko hadi Narvik, Bodø hadi Trondheim, Trondheim hadi Oslo, Oslo hadi Bergen, Bergen hadi Oslo, Oslo hadi Malmö.

Mtaona Malmö hadi Abisko nimeihesabu siku moja, ingawa mnafika kesho yake. Treni ya usiku huhesabiwa kwa tarehe inayoondoka, mradi hambadilishi treni baada ya saa sita usiku. Pandeni treni ya asubuhi Malmö, fikeni Stockholm baada ya masaa manne na nusu hivi, mle, mtembee kidogo mji mkongwe wa Gamla Stan, halafu jioni mdake treni ya kaskazini. Siku moja ya pasi imewavusha Uswidi nzima.

Pasi haiwapi kiti. Treni za kasi za Uswidi na treni ya usiku zinadai nafasi ilipiwe pembeni, na treni ndefu za Norwei mkiacha kuweka nafasi mnabahatisha.

Na mkiandikiana saa, andikeni kwa tarakimu za ratiba. Treni ya 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Watu wawili mnaoongea Kiswahili, mmoja ameshazoea saa za Kizungu na mwingine hajazoea, neno “tukutane saa mbili” linaweza kuwatenganisha kwa masaa sita.

Hatua ya 3: Mavazi, bila kufilisika

Mgeni asinunue koti zito Tanga wala Dar. Aje na sweta na koti la kuvukia uwanja wa ndege, mengine tunanunua huku kwenye mitumba. Uswidi ina maduka mazuri ya mitumba, Myrorna kwa mfano, na majaketi ya baridi kali yamejaa humo. Kipya kinunuliwe kimoja tu: nguo za ndani za sufu ya kondoo wa merino, juu na chini. Pamba ikigusa ngozi inashika jasho, na mkitoka behewani kwenye joto la nyuzi 20 na kukanyaga nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, jasho hilo linageuka kuwa baridi ya mifupa.

Buti ziwe kubwa kidogo ili soksi nene ziingie bila kubana. Nunueni na vyuma vya kuvalisha chini ya buti, Waswidi huviita broddar. Bei yake ni ndogo, na jukwaa la stesheni lililoganda haliangalii umri wa mtu. Mizigo iwe ya mgongoni. Magurudumu ya sanduku hukwama kwenye theluji na kokoto wanazomwaga barabarani.

Hatua ya 4: Treni ya usiku kwenda kaskazini

Kutoka Stockholm hadi Narvik ni kama masaa 18 au 19. Kuna viti, kuna vyumba vya vitanda sita, na kuna vyumba vidogo vya kulala vya watu wawili au watatu. Mkiweza, chukueni cha wawili. Kiti kwa usiku mzima ni kujitesa.

Mkichukua chumba cha vitanda sita, maana yake mtalala na wageni wanne. Chagueni vitanda vya juu kabisa. Kuna joto zaidi, ni kweli, na ngazi inahitaji subira, lakini asubuhi vitanda vya kati vinapokunjwa ili watu wakae, ninyi wa juu hakuna anayewaamsha. Mwenzangu alileta kanga doti moja na ikafanya kazi zote: kipande kimoja kilifungwa kwenye ndoano kikawa pazia la kubadilishia nguo, kingine kikazuia taa ya korido. Maji ya kunywa, mswaki na soksi kavu viwekwe kwenye mfuko mdogo kabla ya taa kuzimwa, kwa sababu kupekua begi gizani juu ya vichwa vya watu ni ugomvi.

Behewa la chakula lipo, na bei yake mtaiona. Sisi tulibeba chupa ya chai ya iliki na tangawizi, mikate, mayai ya kuchemsha na machungwa. Kwa Mwislamu: nyama ya kusaga ya Uswidi mara nyingi huchanganywa ya ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza zile nyama za mviringo.

Wekeni kengele ya kuwaamsha kukipambazuka. Mstari wa Aktiki unavukwa kabla ya Gällivare, na kuanzia hapo miti inapungua kimo kadiri mnavyokwenda.

Hatua ya 5: Abisko, angalau usiku mbili

Stesheni ni mbili na zinafuatana: Abisko Östra ni ya kijijini, Abisko Turiststation iko kwenye mlango wa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1909. Angalieni malazi yenu yako wapi kabla ya kushuka.

Sababu ya kukaa hapa na si Kiruna ni mawingu. Milima ya magharibi huyazuia mengi yanayotoka baharini, na anga ya Abisko huwa wazi kuliko ya majirani zake. Msikimbilie kulipia matembezi ya kutafuta aurora siku ya kwanza. Tokeni wenyewe kati ya saa tatu na saa saba usiku, mwende kwenye ufuko wa ziwa Torneträsk mbali na taa, msubiri macho yazoee giza. Mara nyingi huanza kama wingu jembamba la kijivu ambalo ungelipuuza, halafu linapata kijani, halafu linaanza kutembea. Simu ikiwekwa juu ya kitu kilichotulia, kwa mpangilio wa usiku, hupiga picha ya kutosha. Iwe mfuko wa ndani wakati haitumiki: baridi hula betri, na tiketi zenu ziko humohumo.

Hapa ndipo urafiki hupimwa, maana mmoja atataka kusubiri na mwingine atataka blanketi. Kubalianeni mapema kuwa anayetaka kulala alale bila kununiwa, na anayebaki nje amwambie mtu wa mapokezi anakwenda upande gani.

Hatua ya 6: Abisko hadi Bodø

Kaeni upande wa kulia mkielekea Narvik. Kwanza ni Torneträsk iliyoganda, kisha mpaka pale Riksgränsen, halafu reli inateremka ubavuni mwa mlima huku fyodi ya Rombaken, mkono mwembamba wa bahari katikati ya milima, ikifunguka chini. Reli hii ilikamilika 1902 kwa ajili ya chuma cha Kiruna, na mpaka leo mwenye njia ni chuma. Treni za madini zenye urefu wa mita 750 hupita kwenye njia moja, nanyi mtasimama kuzipisha.

Narvik hakuna reli ya kwenda kusini. Ni basi, na njiani basi zima linapanda kivuko kati ya Skarberget na Bognes. Laleni Bodø usiku huo, msiunganishe basi na treni ndefu siku moja.

Hatua ya 7: Norwei mchana

Reli ya Nordland, Bodø hadi Trondheim, ni kilomita 729 na karibu masaa kumi. Kuna treni ya usiku pia, msiichukue. Chukueni itakayowavusha milima ya Saltfjellet jua likiwa juu, baadaye giza likiingia mlale tu kwenye viti. Trondheim hadi Oslo ni karibu masaa saba, inapita milima ya Dovrefjell, ni nzuri, ila ukilinganisha na zinazopakana nayo ndiyo ya kusomea kitabu.

Oslo hadi Bergen ichukueni asubuhi, mkae kushoto. Reli hiyo ilifunguliwa 1909, na stesheni ya Finse iko mita 1,222 juu ya bahari, mahali ambapo barabara ya umma haifiki. Treni ya asubuhi hufika huko mchana. Wengi watawaambia mshuke Myrdal mwende Flåm kwa kitreni cha kilomita 20. Majira ya joto sawa. Baridi maporomoko yameganda na fedha inatoka pembeni, kwa maoni yangu bora usiku mmoja zaidi Bergen.

Hatua ya 8: Treni isipokuja

Itatokea. Desemba 2023 treni ya madini iliacha reli karibu na Vassijaure na njia ya Narvik ikafungwa kwa wiki kadhaa. Ilipofunguliwa Februari, siku chache baadaye nyingine ikaacha reli palepale. Kwa hiyo jueni basi la Kiruna hadi Narvik kwenye barabara ya E10 linapita saa ngapi hata kama hamna mpango nalo. Kwenye ubao, inställt au innstilt ni kwamba treni imefutwa, na Norwei mkiona buss for tog mtafute basi nje ya stesheni. Msivue mavazi mazito mpaka mjue mnasafiri na nini.

Acheni siku moja tupu kabla ya ndege ya kurudi, na siku hiyo iwe Malmö au Copenhagen, isiwe Bergen. Kutoka Malmö treni ya daraja la Öresund hufika uwanja wa ndege wa Kastrup kwa dakika 20 hivi, na stesheni iko chini ya jengo la abiria namba 3. Pasipoti iwe mkononi pande zote mbili, maana polisi wa Uswidi huweza kukagua treni zinazotoka Denmark.