Vita inakaribia: namna ya kuunga batu ba chini bayikatae, kuanzia ku avenyu yenu

Tangu Goma ilianguka mu mikono ya M23, kikundi ya bunduki, mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mu Februari, hapa Lubumbashi batu banauliza ulizo moya tu: itashuka mpaka kwetu ao hapana? Mu taksi, ku soko ya komini ya Kenya, kisha misa, kila fasi. Miye siwezi kujibu ile. Lakini ninaweza kusema namna gani shiye benye kuishi na mushahara kidogo ao na meza ya ku soko tunaweza kujipanga mbele haiyafika, juu kama inatukuta kila mutu na yake, batatugawanya kwa siku moya na tutaanza kuuana shiye kwa shiye.

Bengi banaanzaka na marshi. Banaandika banderole, banaita bale ba radio, asubui banapigwa gazi, mangaribi kila mutu iko ku nyumba yake na imekwisha. Marshi ni kitu ya mwisho, bandugu. Ya kwanza ni kujua nani atabakia na weye kisha polisi kupita, na ile inajengwaka mu reunyo ndogo ya batu kumi, kumi na tano, benye kujuana mpaka ku nyumba. Na musipoteze wakati kuunda kikundi mupya: likelemba iko tayari. Bamama benye kuachiliana franga kila juma bila karatasi ya avoka banaaminiana kupita chama yoyote ya siasa. Enda ku likelemba ya bale ba unga, ku bamotari ba parkingi yenu, ku sindika ya batu ba shemini de feri, ku korali, ku banafunzi ba inivesite. Usifike na hotuba. Fika na maulizo: unga yetu mingi inatokaka Zambia kupitia Kasumbalesa, barabara ikifungwa juu ya vita nani atalipa ile bei? Na kijana akiitwa kubeba bunduki, anaendaka mutoto wa nani, wa mukubwa ao wa Katuba? Uliza kisha nyamaza, acha bamama basema, andika bile banasema na maneno yao, juu ile njo itakuwa programu yenu.

Njo maana miye ninasema muungano wa mukono wa kushoto, wa batumishi na bamaskini, haiko tu wa kuombea amani. Kuomba amani ata benye kuuzisha silaha banaombaka. Shiye tunataka kujua nani anakula mu ile vita na nani analipa, na hii Katanga iko na masomo mingi. Wakati ya vita ya pili ya Wazungu, shaba yetu ilikuwa inatakiwa sana, bei ya bintu ikapanda, batumishi Wazungu ba Union Minière, kampuni ya shaba ya Babeleji, bakapata nyongeza, na bapapa beusi bakaomba yao bakafanya grevi. Mu Desemba 1941 basoda bakabapigia masasi mu stade ya hapa hapa Lubumbashi, yenye iliitwa Elisabethville, Léonard Mpoyi mwenye kusema kwa jina yao akafwa pamoja na bengine makumi. Iraniyo ya Shinkolobwe, kule karibu na Likasi, ikaenda kufika mu bombe ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Kisha mu 1960 Tshombe akakata Katanga, na Union Minière ikamulipa kodi yeye pahali pa Kinshasa. Fanyeni reunyo nzima juu ya hii paka, muchukue ubao, muandike upande moya nani alipata, upande ingine nani alizika. Bazee ba kartie batakuja bila kuitwa, juu bengi habayaulizwa na mutu.

Sasa kitu yenye kunipa woga zaidi. Hapa kwetu vita haifikake na bunduki kwanza, inafikaka na kabila. Mu 1992 na 1993 bandugu bengi ba Kasai balifukuzwa, batu bakalala ku gare ya Likasi wiki na wiki wakingoja treni, batoto bakafwa pale. Bale balifukuza na bale balifukuzwa balikuwa batumishi, bote mushahara haukukuwa unatosha. Kwa hiyo reunyo yenu isikuwe ya kabila moya, ata siku moya, ata kama ni rahisi. Na leo kuko neno ingine: mutu anaitwa mupelelezi juu ya pua yake tu. Rwanda inasaidia M23, bataalamu ba ONU baliandika ile mara mingi, tuseme wazi bila kuongopa. Lakini jirani mwenye kuuzisha mampa ku kona haiko Rwanda. Mukubaliane mbele, kwa majina: odio ya chuki ikiingia mu WhatsApp usiku, nani atauliza ukweli na nani atajibu ile usiku ile ile, batu bakikusanyika mbele ya mulango ya mutu, ni nani sita, saba, bataenda kusimama pale, na nani ataita bapastere na shefu wa kartie. Ile haipangwake siku ya fujo.

Batakuuliza: kwa hiyo munataka inchi ikamatwe? Ni ulizo ya haki, hapana kulikimbia. Jibu inategemea munaomba nini, na muombe bintu bya kushikika: hakuna mutoto chini ya myaka 18 anachukuliwa na kikundi yoyote, ile sheria iko tangu Januari 2009, soda alipwe mushahara yake, isipotelee juu, mikataba ya madini ionyeshwe, mazungumuzo yakifanyika, bale balikimbia bakuwe mu chumba. Kuko bandugu batataka kuongeza bintu kumi ingine. Miye ninaona ine inatosha.

Kisha nguvu. Nguvu ya mutumishi ni kukataa. Mu Aprili 2008 meli ya Shina, An Yue Jiang, ilifika Durban na silaha za Zimbabwe, batumishi ba bandari bakasema hatushushe, na meli ikaondoka nazo. Hapa mulango yetu ni barabara ya Kasumbalesa na reli, makamyo ya shaba yanapita pale muchana na usiku. Lakini mutu mwenye njaa hawezi kukataa siku mbili, kwa hiyo kesi ya feza ianze leo, 500 franga kwa juma, batu babili bashike feza na wa tatu ashike kitabu, na kila mwezi isomwe mbele ya bote. Na mwanasiasa akileta franga ao mashati yenye sura yake, murudishe, ata kama kesi iko na deni. Nimeona vikundi bikifwa na ile kupita na gereza.

Bamama basibakie kupika tu. Mu Liberia 2003, banamuke Bakristo na Baislamu, na Leymah Gbowee mbele yao, balikaa kila siku mu uwanja karibu na soko ya samaki ya Monrovia, na nguo nyeupe, jua na mvula, kisha bakaenda mpaka Accra bakafunga mulango ya chumba ya mazungumuzo. Mu Agosti mapatano ikasainiwa.

Ku mambo ya sheria: katiba, artikle 26, inasema muandamano munajulisha kwa barua, hamuombe ruhusa. Barua iende kopi mbili, moya irudi na kashe, mupige foto. Andikeni mbele nani ataleta chakula ku kasho, nani atalala na batoto ba mwenye kukamatwa, avoka gani ataitwa. Liste ya majina isikae mu telefone. Na musikuwe na prezida moya: LUCHA, kikundi ya vijana, ilizaliwa Goma 2012 juu ya maji na kazi, bila mukubwa moya, na ile iliisaidia kuendelea kila mara bakikamata batu.

Reunyo ya kwanza isipite masaa mbili, bamama bako na moto wa kuwasha. Ya pili ifanyike ndani ya siku saba, mu nyumba ya mutu mwingine, na kila mutu aje na mumoya mwenye hakuwa. Mu ile ya pili muchague ba kesi, ba odio ya usiku, na bale babili ba kupeleka barua.