Kutoka benchi la maabara hadi kusimamia mradi wa utafiti

Vijana wanaomaliza sayansi ya maabara au baolojia ya molekuli huniuliza kazi yangu ya kusimamia miradi ya utafiti inasomewa wapi. Anzeni na friza, nawaambia. Ukiwa bado maabara hapa Mwanza, omba utunze daftari la friza ya nyuzi -80: sampuli ipi iko rafu gani, nani kaitoa, umeme ulikatika saa ngapi, jenereta iliwaka saa ngapi. Anayejua hayo ndiye anayeitwa kwenye kikao cha mradi.

Halafu jifunze vibali, maana miradi mingi hukwama hapo. Utafiti wa kichocho kwa watoto wa Ukerewe unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mkijaribu dawa mpya, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wamo. Mtafiti mgeni hupitia COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na sampuli haivuki mpaka bila mkataba wa kuihamisha. Kwa hiyo kalenda ya mradi ianzie kwenye vibali, si siku fedha zinapoingia. (Wafadhili hununa kidogo. Waache wanune.)

Bajeti nayo: kaa na mhasibu, muulize kila mstari. Nauli ya kivuko cha Nansio kule Ukerewe, barafu ya kupoozea sampuli, posho za wahudumu wa afya wa vijijini. Wanasayansi husahau vitu hivi kabisa.

Kozi ya GCP, yaani kanuni za kuendesha vizuri majaribio ya tiba kwa watu, ni fupi, ifanye mapema. Uzamili unasaidia, uzamivu si lazima. Cheti cha PMP, kile cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, kisubiri: mwenye shahada hudaiwa uzoefu wa miaka 3 wa kuongoza miradi. Na ukitafuta ajira, usibague matangazo ya "mratibu wa utafiti", kwani mara nyingi kazi ni hii hii.