Kabla ya Kupanda Mchicha Kwenye Kiwanja cha Mjini, Ijue Ardhi Yake

Tabata, Vingunguti na Mtoni, jijini Dar es Salaam, kwa nyakati tofauti palitumika kama dampo la jiji kabla taka hazijaanza kupelekwa Pugu Kinyamwezi. Viwanja vingine vilikuwa gereji au yadi za vyuma chakavu. Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla hujashika jembe waulize wazee wa mtaa na mjumbe hapo palikuwa na nini. Kisha chimba vishimo vichache. Ukikuta vipande vya betri, magamba ya rangi, majivu ya matairi au udongo mweusi unaonuka dizeli, usipande kwanza.

Uchafu wa udongoni haufanani. Dizeli na oili huliwa na vijidudu vya udongo. Tifua, changanya samadi iliyoiva, weka unyevu bila maji kutuama, na geuza mara kwa mara ili hewa ipite. Ndani ya miezi kadhaa harufu hupungua. Lakini madini ya risasi na kadimiamu, yaani metali nzito zenye sumu, hayaozi hata kidogo. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, lakini risasi iliyotua kando ya barabara kuu kabla ya hapo bado imo kwenye tabaka la juu. Oili chafu ya injini nayo hubeba metali, hivyo harufu kuisha hakutoshi kuwa ushahidi.

Pima. Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 za kiwanja, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huharibu majibu), kisha pakia kama kilo moja. Ukifika maabara taja wazi kwamba unataka kipimo cha metali nzito, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi risasi.

Majibu yakionyesha kiasi kidogo, kuna namna ya kulima. Mboji nyingi hushika metali zisipande kirahisi kwenye mizizi. Udongo mchachu uongezee chokaa hadi pH (kipimo cha uchachu wake) ifike karibu 6.5. Mboga za majani kama mchicha na matembele, pamoja na karoti, ndizo za kuogopa zaidi. Nyanya, bamia, biringanya na pilipili hupeleka metali kidogo sana kwenye tunda. Tandaza nyasi kavu chini ya mimea, kwa sababu sehemu kubwa ya risasi tunayokula ni vumbi na matone ya udongo yanayorukia majani wakati wa mvua. Osha mboga kwa maji safi, sio ya mtoni.

Kiasi kikiwa kikubwa, acha kula chochote kinachoota pale. Tengeneza matuta ya juu ya sentimita 30 kwa udongo ulioletwa kutoka mahali salama, chini yake utandike viroba. Alizeti hufyonza metali, ila kazi hiyo huchukua miaka mingi, na mabua yake asipewe mbuzi wala yasichomwe.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, huku watoto wakiwa wameshadhurika kwa risasi. Kwa hiyo sehemu ya kiwanja chako iliyo mbaya zaidi ifunike kwa nyasi za kudumu kama vetiva, na izungushie uzio ili watoto wasichezee udongo wake.